Kupanda Gombe asubuhi na kushuka mchana: namna ya kuipanga safari fupi yenye mwinuko mkali

Ukisimama ufukweni Kasekela, kambi ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, ukainua macho, ukingo wa mlima unaonekana karibu, kana kwamba ukimwita mtu aliye juu ataitika. Watu wengi wa Kigoma wamefika Gombe mara moja au mbili, wakawaona sokwe, wakapiga picha, wakapanda boti na kurudi. Wachache wamefika juu. Wengine wamejaribu wakaishia njiani, maji yamekwisha na miguu inatetemeka. Mimi nimepanda mara nne, ya kwanza kwa mpango mbaya. Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu wa Kigoma, Ujiji, Kasulu au Tabora anayetaka kufika juu na kushuka salama siku hiyohiyo.

Tuanze na mlima wenyewe, maana mengine yote yanatoka humo. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa juu wa Gombe unazidi mita 1,500. Kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 700, na unazipanda ndani ya nafasi ndogo sana, kwa sababu hifadhi ni utepe mwembamba: kutoka maji hadi mgongo wa mlima, ukipima kwenye ramani, ni kilomita mbili hadi tatu na nusu tu. Chukulia kwamba kila hatua nne za kwenda mbele zina hatua moja ya kwenda juu, na kuna vipande vikali kuliko hapo. Huo ni ukuta wa Bonde la Ufa. Ardhi ilikatika ikadidimia, maji yakajaa shimoni, na ukingo uliobaki umesimama ndio huo unaoupanda.

Usiuchanganye na mlima Nkungwe ulio katika hifadhi ya Mahale. Nkungwe ina mita 2,462, na unaanzia ziwa lilelile, kwa hiyo mtu anapanda karibu mita 1,700. Ile ni safari ya kulala njiani. Hii ya Gombe ni ya nusu siku, na ufupi wake ndio unaowadanganya watu wakaja na chupa moja ya maji na kandambili.

Hatua ya 1: Amua unataka kufika wapi

Kuna mahali pawili pa kulenga. Pa kwanza ni kile wanachokiita Kilele cha Jane, sehemu iliyoinuka juu ya bonde la Kakombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, na miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimkimbia. Akawa anapanda hapo na darubini, anakaa, anawatazama kwa mbali siku baada ya siku hadi wakamzoea. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na kwangu mimi kukaa pale juu sasa kuna uzito ambao haukuwapo mwanzo. Pale ni chini ya ukingo mkuu, kwa hiyo panamfaa anayepanda mlima kwa mara ya kwanza, au kundi lenye mtu mzima ambaye magoti yamechoka.

Pa pili ni mgongo wenyewe wa mlima, kwenye nyasi. Huko unaona pande mbili kwa wakati mmoja. Magharibi kuna msitu wa mabonde, ziwa, na ng'ambo milima ya Kongo. Mashariki kuna mashamba, mihogo, michikichi na vijiji. Mpaka wa hifadhi unauona kwa macho bila kuonyeshwa na mtu. Ukitaka kuelewa kwa nini mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulioanza mwaka 1994 ulihangaika na kupanda miti vijijini badala ya kushughulika na sokwe peke yao, panda hapo utazame mashariki kwa dakika tano.

Chagua mapema, kisha umwambie mwongozaji kabla ya kuanza kutembea. Kubadili nia katikati ya mlima, mmoja anataka kuendelea na mwingine amechoka, ndiko kunakovunja makundi.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, mara nyingine Mei. Kipindi hicho njia ni tope, mizizi inateleza kama sabuni, na mchana mawingu hujikusanya juu ya ukingo yakaleta radi. Mgongo wa mlima ni nyasi tupu. Ukiwa pale radi inapopiga, wewe ndiwe mti.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, njia ni kavu, lakini ukavu una matatizo yake. Kokoto ndogo zinalala juu ya udongo mgumu, ukikanyaga ni kama umekanyaga maharage yaliyomwagika sakafuni. Upupu nao umekauka kwenye vichaka vya pembezoni, ukisubiri mkono ulio wazi. Kuanzia Agosti, watu wanapochoma nyasi na mashamba, moshi unatanda juu ya ziwa na milima ya Kongo haionekani tena.

Mimi huchagua mwisho wa Mei au Juni. Nyasi bado zina rangi, njia zimeanza kukauka, hewa ni safi. Usisahau tu kwamba kiangazi ndicho kipindi cha upepo mkali wa kusini ziwani. Mlima utakuwa mzuri, na ziwa huenda likakataa. Acha siku moja ya akiba katika mipango yako.

Hatua ya 3: Hesabu saa kuanzia mwisho

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu hapa ndipo mimi nilikosea.

Watu hupanga hivi: tutaondoka saa fulani, tutafika, tutapanda, tutarudi. Wewe anza upande wa pili. Jiulize: boti linatakiwa kuondoka Gombe saa ngapi ili lifike Kibirizi, kituo cha maboti cha Kigoma, kukiwa bado na mwanga, na mawimbi ya alasiri hayajawa makubwa? Halafu rudi nyuma hatua kwa hatua hadi upate saa ya kuanza kupanda.

Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria muda mlimani. Aliiandika William Naismith, mpanda milima wa Scotland, mwaka 1892: weka saa moja kwa kila maili tatu, karibu kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda, yaani mita 600 hivi. Ukiitumia Gombe, kilomita tatu zinakupa dakika 36, na mita 750 za kupanda zinakupa saa moja na robo. Jumla karibu saa mbili. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi, kwenye baridi ya kwao. Kwa joto la ziwani, kokoto, na kundi lenye watu wa kila aina, ongeza nusu. Andika saa tatu za kupanda.

Kushuka andika saa mbili. Usidhani kushuka ni kukimbia. Kupumzika juu, dakika 45. Halafu weka saa moja ambayo haina kazi, kwa sababu sokwe wakikatiza njia utasimama utake usitake, na hutataka kuondoka. Jumla ni kama saa saba kasoro robo. Ukianza saa 1 asubuhi, unafika ufukweni kabla ya saa 8 mchana. Boti likiondoka saa 9, mko Kibirizi jioni ikiwa bado na nuru.

Sisi tuko magharibi mno mwa nchi na tunatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu linachelewa karibu dakika 40 kuliko la kwao. Linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo asubuhi, na kuzama kati ya saa 1 kasoro robo na saa 1 na nusu usiku. Kinachokufaa zaidi ni kwamba mteremko wa Gombe unatazama magharibi. Asubuhi mlima wenyewe unakukinga: saa ya kwanza na zaidi unapanda kivulini, kwenye ubaridi. Kuanzia mchana jua linakupiga moja kwa moja, na ziwa linakurudishia mwanga uleule kutoka chini. Anayeanza saa 1 na anayeanza saa 5 wanapanda milima miwili tofauti.

Nalijua hilo kwa mwili wangu. Mara ya kwanza nilipatana na mwenye boti mmoja tuondoke saa 12 asubuhi. Alikuja saa 3. Badala ya kuahirisha, nikasema tutawahi tu. Tulianza kupanda saa 5 na nusu. Mdogo wangu alimaliza maji yake kabla hatujafika nusu ya mlima, akaanza kuumwa kichwa, tukageuka. Kwenye kushuka goti lake likagoma, na kipande cha dakika 20 kikatuchukua zaidi ya saa. Tulipofika ufukweni saa 11 jioni, mawimbi yalikuwa yamepanda na nahodha akakataa kuondoka, na alikuwa na haki. Tulilala Gombe bila kujiandaa, nyumbani mama hajui tuko wapi. Asubuhi yule nahodha aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kaka, saa tisa isikukute juu."

Hatua ya 4: Boti na mahali pa kulala

Maboti ya abiria yanaondoka Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, kuelekea vijiji vya mwambao hadi Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, na yanapitia Gombe. Ni nafuu, na utakaa na watu, magunia na kuku. Lakini huondoka mchana na kuchukua saa tatu hadi nne, na yanayorudi mjini hupita Gombe asubuhi mapema. Piga hesabu: ukienda nayo, unafika alasiri, unalala, unapanda kesho yake, unalala tena, unarudi. Ni usiku mbili. Jumapili usiyategemee.

La kukodi linakwenda kwa muda mfupi zaidi, saa moja na nusu hadi mbili, lakini gharama kubwa ni mafuta, kwa hiyo tafuta wenzako mgawane. Watu sita hadi wanane ni kiasi kizuri. Zaidi ya hapo kundi linakuwa refu mlimani.

Kutoka Kibirizi alfajiri na kurudi jioni ileile kunawezekana, ila hesabu inabana. Ukiondoka saa 12 kamili unafika saa 2, unaanza kupanda saa 2 na nusu, na unashuka saa 9 na kitu. Jambo dogo likichelewa, yote yanachelewa. Ushauri wangu ni kwenda na boti la kukodi siku ya kwanza alasiri kabla ziwa halijachafuka, kulala kwenye nyumba za hifadhi hapo Kasekela, kupanda alfajiri, na kurudi saa 9. Siku ya kupanda inabaki moja, na usingizi umeupata.

Kabla ya kulipa pesa ya boti, nenda ulione. Hesabu maboya ya kuvaa: moja kwa kila mtu, na kila mtu alivae. Lijaribu lako, lifunge. Uliza mafuta ya kurudi yamewekwa wapi. Nahodha anayechukia maswali hayo mwache, wapo wengine.

Anayetoka Tabora na treni: usipange boti siku ileile ya kufika. Treni ikichelewa, umelipoteza boti na siku ya kupanda. Lala Kigoma mjini kwanza.

Hatua ya 5: Kibali, malipo, mwongozaji

Gombe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na kabla ya hapo ilikuwa pori la akiba tangu 1943. Hupandi bila mwongozaji. Pita ofisi ya hifadhi mjini Kigoma siku kadhaa kabla, ulizia njia zilizo wazi, nafasi za kulala na umri wa watoto wanaoruhusiwa. Malipo yanakwenda kwa kontroli namba, kwa hiyo usibebe pesa taslimu ukidhani utalipia ufukweni. Chukua kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na bila kitambulisho utakuwa na kazi ya kujieleza.

Mwongozaji usimfanye mtu wa kukufungulia njia tu. Wengi ni watoto wa vijiji vya jirani, Mwamgongo na Mtanga, na wamewajua sokwe kwa majina tangu wakiwa vijana. Mwamkie kwa heshima. Kama ni asubuhi na unajua Kiha, "mwakeye" inafungua mazungumzo kuliko pesa. Mweleze ukweli kuhusu afya za kundi lako: nani ana presha, nani ana pumu, nani hajawahi kutembea zaidi ya kwenda sokoni. Anauweka mwendo kulingana na mnachomwambia.

Hatua ya 6: Andaa miguu

Kwenye mita 1,500 hewa haijapungua kiasi cha kukuumiza, kwa hiyo acha hofu za Kilimanjaro. Kinachokuchosha ni mwinuko na joto. Wiki tatu kabla, mara tatu kwa wiki, beba begi lenye lita nne za maji upande mlima wowote unaouzunguka mji wetu, dakika 40, na ushuke ulikopanda. Kushuka ndiko kunakofundisha misuli ya mapaja kuzuia uzito. Anayefanya mazoezi ya kupanda peke yake ataumia kwenye kurudi.

Mtu wa Tabora anaishi juu kuliko sisi, karibu mita 1,200, lakini kwake ni tambarare. Tafuta jengo lenye ngazi za ghorofa tatu au nne, uliza ruhusa, panda na kushuka. Ngazi zinatosha.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Kwenye kushuka, vidole vinagonga ncha ya kiatu mara maelfu, na kucha ndefu inageuka nyeusi.

Hatua ya 7: Viatu, maji, begi

Viatu kwanza. Utawaona vijana wa mwambao wakipanda na yeboyebo, na wanafika. Miguu yao imezoea tangu utotoni, yako haijazoea. Vaa raba au buti lenye meno chini, ambalo umeshalitembelea wiki kadhaa. Kama umenunua mitumba, usiamini sura yake. Viatu vilivyokaa ghalani miaka vinaonekana vizima kumbe gundi imekufa, na soli inabanduka siku ya kwanza kwenye mteremko. Viloweke kwenye ndoo usiku mzima, vikaushe, vipinde. Halafu mpelekee fundi viatu aishone soli kwa uzi kuzunguka pande zote. Ni kazi ya pesa ndogo, na inakuokoa kutembea na kiatu kilichofungwa kamba.

Maji ni lita tatu kwa kila mtu mzima. Zigawe hivi: lita mbili za kupandia, lita moja ya kushukia. Hiyo ya kushukia iweke chini kabisa ya begi, na usiiguse hadi mmegeuka. Usitegemee vijito vya mlimani, hata kama ni safi kwa macho, wala maji ya ziwa bila kuyachemsha. Kwa wanaotoka jasho sana, beba pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini. Ukiikosa, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Chakula kiwe kile tumbo lako linakijua. Mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga, chapati. Migebuka ya kukaanga ni mitamu, lakini iache kambini: harufu yake inawaita nyani. Nyani wa ufukweni Gombe wanajua zipu, na mlango usiofungwa kwao ni mwaliko. Begi lisiachwe chini hata dakika moja.

Vaa shati la mikono mirefu na suruali ndefu, na suruali iingie ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Siafu wakikupanda, ondoka kwanza kwenye msafara wao kwa haraka ndipo uwatoe mmoja mmoja. Ukisimama palepale kuwapangusa wanaongezeka. Upupu ukikugusa, usijikune, kwa kuwa kujikuna kunausambaza.

Vitu vingine ni vidogo: kofia, barakoa mbili, bandeji ya kubana kifundo, dawa ya maumivu, filimbi, tochi hata kama huna mpango wa kuchelewa, koti jepesi la upepo kwa sababu juu ni baridi kwa nyuzi nne au tano kuliko ufukweni, na jasho limekulowesha. Fimbo nayo. Hifadhini hakatwi mti, kwa hiyo toka nayo nyumbani. Mwanzi au mpini wa fagio unatosha.

Na karatasi moja ubakize nyumbani. Andika jina la nahodha na namba yake, saa ya kuanza kupanda, saa mtakayokuwa mmerudi Kibirizi, na saa ambayo wakiona kimya waanze kuuliza. Mtandao wa simu mlimani si wa kuutegemea.

Hatua ya 8: Kupanda

Saa ya kwanza nenda polepole kiasi cha kuona aibu. Kipimo ni mdomo: ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Anayeanza kwa kasi anawavuta wote, na baada ya dakika 40 kundi lote limekaa chini. Mchovu kuliko wote mwekeni wa pili, nyuma ya mwongozaji. Mkimweka mwisho, kila akiwafikia nyie mmeshapumzika na mnaanza kuondoka, kwa hiyo yeye hapumziki kabisa.

Simameni dakika tano kila baada ya dakika 30 hadi 40, mnywe kidogo hata kama hamna kiu. Njia inaanza kwenye msitu mzito wa bondeni, ikapanda kwenye miombo, halafu ghafla miti inaisha na nyasi zinaanza. Pale miti inapoishia ndipo pa kufanya uamuzi. Tazama saa. Kama mmetumia zaidi ya saa tatu hadi hapo, au mtu ana kichefuchefu, anatapika, maneno yake hayaeleweki au ameacha kutoka jasho, basi hapo ndipo juu yenu kwa siku hiyo. Mlaze kivulini, mlowesheni kichwa na shingo, mpeni maji kidogo kidogo kama ana fahamu zake, kisha mshuke naye wote pamoja. Mkisikia ngurumo, msingoje kuona umeme.

Mkikutana na sokwe, sheria ni ya mwongozaji na haina mjadala. Mita 10 kati yenu nao, barakoa usoni, chakula ndani ya begi, sauti chini, na kama wanasogea nyie mnarudi nyuma. Damu yetu na yao iko karibu mno, na magonjwa yetu yanawapata. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe, ikawaua baadhi yao na kuwaacha wengine na viungo vilivyopooza. Mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua sokwe. Kwa hiyo ukiamka siku ya safari na kikohozi au homa, baki. Najua umelipa, najua umesubiri. Baki.

Hatua ya 9: Juu, na kugeuka

Vaa koti kabla hujakaa. Kula. Pigeni picha, halafu weka simu mfukoni utazame kwa macho. Ganda la ndizi, ganda la yai, karatasi, vyote vinarudi ndani ya begi. Hakuna sigara wala moto. Nyasi za kiangazi zinashika kwa cheche moja, na chini yenu kuna msitu wote.

Kabla ya kushuka, kaa ufungue kamba za viatu, gonga kisigino chini kirudi nyuma kabisa, halafu funga upya kwa kukaza sehemu ya juu ya mguu. Kazi hiyo ya dakika mbili inalinda vidole vyako. Sasa toa ile lita ya chini ya begi.

Hatua ya 10: Kushuka

Majeraha mengi hutokea huku, watu wakiwa wameshamaliza kazi akilini mwao. Magoti yawe yamekunjwa kidogo muda wote, hatua fupi, fimbo mbele yako. Kwenye kokoto, weka mguu mzima chini kwa mara moja, na panapokuwa pakali sana shuka kwa upande, kama unavyoshuka ngazi nyembamba. Achaneni mita tatu au nne, ili jiwe atakaloliponyoa wa juu lisimpate wa chini. Usishike mti kabla ya kuutazama, una miiba au una nyoka. Miguu ikianza kutetemeka, kaa chini dakika tano. Ni misuli imechoka, na pumziko fupi linairudisha.

Ukifika ufukweni utataka kujitupa ziwani. Muulize mwongozaji kwanza kama ni mahali pa kuoga na pana usalama wa kichocho na mamba. Vua viatu, kagua vidole, osha malengelenge kwa maji safi bila kuyapasua. Hesabu watu. Maboya yavaliwe kabla injini haijawashwa.

Boti likikaribia Kibirizi mtandao unarudi. Mpigie yule uliyemwachia karatasi kabla hujampigia mtu mwingine yeyote, umwambie mmeshuka wote.